Tulivyoiinua Nyumba ya Magimbi

Marahaba, wanangu. Najua hamjapata nafasi ya kuniamkia, lakini naitikia mapema ili tuingie kazini. Fundi anayesimama sana mlangoni humpa mwenye nyumba muda wa kubadili mawazo.

Jina langu ni Mwanahawa. Nimekuwa seremala hapa Arusha tangu usichana wangu mpaka magoti yalipokataa kuchutama. Sasa niko nyumbani Olasiti na kuku wangu, na kiti nilichokitengeneza mwenyewe, ambacho hakijawahi kulegea. Juzi vijana wa chuo cha ufundi walikuja kuniuliza ni kazi gani, kati ya zote nilizofanya, ninayoikumbuka zaidi. Nadhani walitegemea nitaje hoteli za watalii. Nikawaambia ni Nyumba ya Magimbi, na hakuna aliyeijua. Ndiyo maana naandika.

Nyumba hiyo ipo upande wa mashariki wa Mlima Meru, juu ya Tengeru, mahali ambapo migomba na kahawa vinakaribia kukutana na msitu. Ni ya mbao tupu kuanzia juu ya msingi wa mawe hadi kileleni, ghorofa moja na dari kubwa la kulala watu. Aliyeijenga alikuwa mlowezi kutoka milima ya Ulaya, kule kwenye theluji, na bila shaka alikuwa na hamu ya kwao, maana aliijenga kana kwamba theluji ingeanguka Meru wiki ijayo. Paa limesimama wima ili theluji iteleze. Upenu umechomoza mbali kiasi kwamba wakati wa masika mbuzi wote wa jirani hujikusanya chini yake, na hakuna anayelowa. Theluji haikuja, lakini mvua ilikuja, na paa la theluji halina shida na mvua.

Juu kuna roshani inayozunguka nyumba, na kila ubao wa roshani umetobolewa umbo la moyo. Kwa mlowezi ulikuwa moyo. Kwa Wameru waliokuwa wakipita na mizigo yao ya majani, lilikuwa jani la gimbi, kwa sababu magimbi ndiyo yaliyojaa kando ya mifereji yao. Jina likashika, na mwenyewe, kwa nilivyosikia, alikubali akalizoea.

Mbao zake ni za mtarakwa wa mlima uleule. Zilipasuliwa kwa mikono, mtu mmoja juu ya gogo na mwingine ndani ya shimo, msumeno mmoja kati yao. Baba yake Mzee Anaeli alikuwa mtu wa shimoni. Alikula vumbi la mbao mchana kutwa, na familia yake husimulia kwamba nguo zake zilinukia vizuri kuliko za bwana harusi.

Huyo Mzee Anaeli ndiye mwalimu wangu. Alikuwa rafiki wa baba yangu, mtu wa Kondoa aliyekuwa na karakana ndogo ya vitanda mjini, katika mitaa ya zamani. Baba alipoona ninachonga vizuri kuliko kaka zangu, alinipeleka kwa Mzee Anaeli akamwambia anifundishe nyumba, maana vitanda nimeshavimaliza. Watu walicheka. Mzee Anaeli hakucheka. Alinipa patasi akanionyesha ubao.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Yeye Mlutheri ambaye Jumapili hagusi nyundo hata paa likipeperuka, mimi Mwislamu ambaye Ijumaa mchana siko. Wateja walilalamika kwamba wiki yetu ni fupi. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akinywa uji wake nyuma ya rundo la mbao ili nisimwone, na mimi nilijifanya sijui kwa nini rundo lile linakohoa.

Alinifundisha kuujua ubao kabla ya kuugusa na chuma. Gonga kwa mpini wa nyundo, sikiliza. Mbao nzima hujibu mara moja, sauti kavu. Iliyooza hunyamaza kidogo kwanza, halafu inajibu kwa sauti nzito kama mtu aliyeamshwa. Kwangua kidogo, nusa. Mtarakwa mzima hata baada ya miaka mingi unanukia kama penseli mpya. Ukinusa ukapata harufu ya kikapu kilichosahauliwa kwenye maji, rudisha kisu chako mfukoni, umeshapata jibu.

Basi, nyumba. Mlowezi aliondoka wakati nchi inapata uhuru. Nyumba ikawa zahanati kwa muda, na akina mama wa vijiji vya pale walijifungulia kwenye chumba chenye meko, kwa sababu ndicho kilichokuwa na joto. Halafu ikawa ghala la mbolea, na ile mbolea iliila sakafu ya chumba kimoja mpaka leo ina madoa. Mwishowe mkulima mmoja wa kahawa aliinunua akahamia na mke wake. Wakati ninaousimulia alikuwa amefariki, na mjane wake, Mama Elinami, alikuwa akiishi humo peke yake na mtu wa kumsaidia kazi. Mwanawe mkubwa wa kiume, Emanueli, alikuwa mkandarasi wa barabara, anaishi Themi.

Siku moja Mama Elinami alimwita Mzee Anaeli. Alisema milango inajifungua. Tulipofika alitupeleka mezani, akachukua chungwa akaliweka sakafuni. Chungwa likaondoka taratibu, likapita chini ya kabati, likaenda kusimama kwenye kona ya mashariki. Akasema kwamba mwanzoni lilikuwa linatembea kidogo, sasa linaharakisha.

Tulikwenda nje tukachimba kwenye kona ile. Miaka ya nyuma mtu mmoja mwenye nia njema alikuwa amemwaga zege kuzunguka nyumba, ili panya wasiingie chini ya sakafu. Panya walipata njia nyingine, kama kawaida yao, lakini maji ya mfereji wa juu yaliyokuwa yakipita chini ya nyumba na kwenda zake sasa yalikuwa yakisimama palepale. Boriti ya chini, ile inayokaa juu ya mawe na kubeba ukuta wote, ilikuwa imeoza upande mzima wa mashariki. Nilisukuma bisibisi ikazama mpaka mpini. Kumbukeni hili, wanangu: maji hayaui mbao. Kinachoua mbao ni maji yasiyo na pa kutokea. Ukiona mtu anataka kuifungia nyumba ya mbao isipumue, mzuie hata kama ndiye anayekulipa.

Emanueli alikuja na gari lake akaangalia. Hakuwa mtu mbaya, nawaomba msimchukie. Aliona mama yake amelala juu ya kitu kinachoporomoka. Alitaka ivunjwe, ajenge nyumba ya tofali, ndogo, iliyonyooka. Mama Elinami alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anataka kwanza kusikia mafundi.

Mzee Anaeli akaeleza. Tutauinua upande ule kwa jeki, kidogo kidogo, tutatoa boriti mbovu, tutaingiza nzima, tutaishusha. Kazi lazima iishe kabla ya masika, kwa sababu udongo ukilowa, jeki haina pa kukanyaga. Tatizo lilikuwa boriti. Mtarakwa wa unene ule haukatwi tena, na ni haki. Mama Elinami akageuka kumtazama mwanawe, akamwambia avunje ghala la kahawa la marehemu baba yake, lililo nyuma ya nyumba, achukue boriti zake. Emanueli aligeuka akalitazama ghala. Ghala lile alilijenga baba yake kwa mikono yake. Halafu akasema sawa, lakini mvua ikianza nyumba ikiwa bado iko hewani, atamtoa mama yake na kuivunja. Tukakubaliana.

Tulianza. Mzee Anaeli, mimi, na wasaidizi wachache, mkubwa wao akiwa Lomayani, Mwarusha wa pale chini, mtu mrefu mwenye nguvu na mpole ambaye aliogopa kitu kimoja tu duniani, nyuki. Na ukuta wa mashariki ulikuwa na nyuki. Siku ya kwanza yote ilipotea kwa kuwahamisha nyuki, Lomayani akiwa amesimama kwenye shamba la jirani akituelekeza kwa kelele.

Mama Elinami tulimhamishia kwa shemeji yake. Wakati wa kuinua nyumba, hakuna mtu anayekaa ndani, awe mwenye nyumba au paka. Kila asubuhi alikuja na kigoda chake akakaa penye mikahawa, akatazama.

Namna ya kuinua ni hii. Unaweka jeki, unainua kiasi cha unene wa kidole, basi. Unaacha. Unapanga magogo chini kwa kupishanisha, mawili huku, mawili kule, mpaka yabane chini ya ukuta, unakaza kwa kabari. Nyumba sasa imekaa juu ya magogo, jeki inapumzika. Mnakunywa chai. Hiyo chai si uvivu. Nyumba inahitaji muda wa kuzoea, kila kiungo kijipange upya. Unaisikia inalia, tik, tik, halafu inanyamaza. Ikinyamaza, unainua tena. Nimewaona mafundi wa siku hizi wakiinua kwa jeki za kisasa bila kusubiri, halafu wanashangaa vioo vinapasuka.

Tulikuwa tumefika zaidi ya nusu wakati jiwe lilipopasuka. Lilikuwa jiwe kubwa la mlima ambalo juu yake tulikuwa tumekalisha jeki. Nje lilikuwa zima, ndani lilikuwa na ufa ambao hakuna jicho lingeweza kuuona. Jeki iliegama, mtaimbo uliokuwa unaizungusha ukarudi kwa nguvu, ukampiga Mzee Anaeli begani. Nyumba ilishuka kidogo sana, ikakaa juu ya magogo, ikatulia. Yeye hakutulia. Alikaa chini ameshika mkono, uso umebadilika rangi. Lomayani alimbeba kama mtoto mpaka kwenye gari.

Bega lilikuwa limevunjika. Emanueli alifika jioni ileile, akazunguka nyumba, akatazama jiwe lililogawanyika, akatuita sote mbele ya mama yake. Alisema yatosha. Mtu mzima ameumia, mawingu yameanza kukaa mlimani, na aliyekuwa anaijua kazi hayupo. Wasaidizi wakatazama chini. Lomayani ndiye aliyeuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo, nani atasema inua na nani atasema acha.

"Mimi," nikasema.

Emanueli akanitazama kwa heshima, nakiri, lakini kwa mashaka. Akasema, "Dada yangu, hii si kabati."

Kabla sijajibu, Mama Elinami alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake. Alikuja mpaka niliposimama. Alikuwa mfupi, akilazimika kuinua kidevu ili anione.

"Mwanangu, ukiacha sasa, itaanguka?"

"Hapana, mama. Imekaa juu ya magogo makavu. Iko salama kuliko ilivyokuwa wewe ulipokuwa unalala ndani yake."

"Na ukiendelea?"

"Nikiendelea itasimama."

Kisha akamwambia mwanawe kwamba masika bado hayajaanza, na makubaliano yalikuwa masika. Akarudi kukaa.

Niwaambie ukweli kuhusu nilivyojisikia. Sikuogopa nyumba. Nyumba nilikuwa nimeisikiliza kila siku, nilijua kila mlio wake. Kilichonisumbua ni Mzee Anaeli. Kesho yake asubuhi nilikwenda kumwona hospitali. Alikuwa amefungwa kifua na mkono, amechoka kwa dawa. Nikampa pole, nikamwambia nimesema nitaendelea. Nilidhani atanipa maelekezo. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nyumba iko juu ya jeki au juu ya magogo?"

"Magogo."

"Basi inaweza kukusubiri. Nenda ukale kwanza."

Nikaenda nikala, wali maharage kwenye kibanda nje ya hospitali, na nikiwa hapo ndipo nilipopanga kazi yote iliyobaki. Mkiulizwa faida ya kufanya kazi kwa utaratibu, jibu ni hilo. Mtu anayepanga magogo kila baada ya kuinua anaweza kuvunjika bega na nyumba isianguke.

Nilibadilisha mambo mawili. Sikuamini tena jiwe. Nilipanga mbao nene za mti mgumu wa loliondo ardhini, pana, ili uzito utawanyike, na juu yake ndipo jeki. Na sikutaka tena jeki moja. Nikamwomba Emanueli jeki za malori yake. Alizileta mwenyewe, akashusha, halafu badala ya kuondoka akavua koti akauliza azungushe ipi. Tangu siku hiyo alikuja kila alasiri baada ya kazi zake, mkandarasi mzima akiambiwa na seremala wa vitanda "kidogo", "acha", "kunywa chai". Hakulalamika hata mara moja. Alijua uzito, na mtu anayejua uzito ni rahisi kufanya naye kazi.

Boriti mbovu tulizitoa vipandevipande, nyingine tulizizoa kwa koleo. Zile za ghala la kahawa tulizichonga upya. Viungo vya mlowezi havikuwa na misumari, ni ulimi wa boriti moja ndani ya tundu la nyingine na kigingi cha mbao cha kuvifunga, kwa hiyo na mimi nilichonga ulimi na tundu na kigingi. Mmoja wa wasaidizi aliuliza kwa nini tusitumie bolti, mambo yaende haraka. Nikamwambia bolti inakaza leo, lakini mbao ikinywea kiangazi kijacho bolti haitanywea nayo. Kigingi cha mbao hunywea na kuvimba pamoja na nyumba. Vilevile tulivunja lile zege lote na kuyafungulia maji njia, na Mama Elinami akasema panya nao wapewe salamu.

Leo nyumba ile anaiendesha mjukuu wake, binti wa Emanueli. Mama Elinami aliishi humo mpaka alipofariki, mzee sana. Wageni wanaopanda mlima hulala kule, na vijana wa mjini huenda kupigia picha kwenye roshani. Nilipokwenda mara ya mwisho niliweka chungwa sakafuni mbele ya binti yule. Lilikaa pale lilipo. Akaniuliza ninafanya nini, nikamwambia nalipumzisha.

Nyinyi mna mashine ambazo sisi hatukuwa nazo, na nafurahi. Randa ya umeme ingeniokolea mgongo wangu. Lakini hakuna mashine itakayowaambia nyumba imekaa. Hilo linajulikana kwa mkono na kwa sikio, na linafundishwa na mtu kwa mtu.

Nirudi kwenye siku ya kuishusha: ilikuwa asubuhi yenye mawingu mazito. Mlima haukuonekana kabisa, na upepo ulikuwa umeanza kunukia mvua. Emanueli kwenye jeki moja, Lomayani kwenye nyingine, wasaidizi kwenye magogo, Mama Elinami kwenye kigoda chake amejifunika shuka. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Ndipo tuliposikia gari likipanda, na Mzee Anaeli akashuka, koti limening'inia begani, mkono umefungwa. Daktari alikuwa amemruhusu kwenda nyumbani. Nyumbani kwake kulikuwa chini, upande mwingine kabisa.

Watu wote wakampisha. Lomayani akaacha jeki akataka kumpa nafasi ya mbele, pale nilipokuwa nimesimama, na mimi mwenyewe nikasogea. Hakuja pale. Alitembea polepole kando ya ukuta, akaitazama boriti mpya kutoka mwanzo mpaka mwisho, akapitisha vidole kwenye kiungo kimoja. Kisha akanijia.

"Nina mkono mmoja," akasema. "Nishike wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nami sikusema "Mzee, pumzika", kwa sababu hakuja kupumzika. Nilimwambia aweke kiganja kwenye nguzo ya kona, na aniambie itakapoacha kutetemeka.

Akaweka. Nikasema shusha. Emanueli na Lomayani wakazungusha pamoja, kidogo, wakaacha. Tukatoa gogo. Kidogo, wakaacha. Tukatoa gogo. Matone ya kwanza yaliangukia paa lile la theluji yakateleza mpaka upenuni, na sisi chini hatukulowa. Nyumba ililia mlio mmoja mrefu kutoka darini mpaka chini, boriti ikagusa mawe, na ndani mlango mmoja ukajifunga wenyewe.

Nikamtazama Mzee Anaeli. Alikuwa amefumba macho, kiganja bado kiko kwenye nguzo. Tulisubiri, watu wote, mvua ikizidi nje ya upenu.

"Imekaa," akasema.

Ndipo nilipowaambia watoe jeki.